Jinsi ya Kutumia Fimbo ya Usawa Kwenye Loda ya Trekta

Dereva aliyeketi kwenye kiti cha trekta lenye loda mbele, yaani mikono ya kunyanyulia yenye baketi ya kuchotea, haoni sakafu ya baketi hiyo. Mbele yake kuna boneti, kuna mikono miwili ya loda, na baketi yenyewe inampa mgongo. Kwa hiyo anapoishusha ili achote samadi au asawazishe kifusi, anakisia tu kama imelala sawasawa na ardhi, kama imeinamisha makali yake au kama imeyanyanyua. Makisio haya yana gharama. Chukua baketi ambayo sakafu yake ina sentimita 60 kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Ikiinama nyuzi 5 tu, kiasi ambacho jicho la mtu aliyeketi kitini halikitambui, makali yanakuwa chini ya kisigino cha baketi, yaani mwisho wa nyuma wa sakafu yake, kwa zaidi ya sentimita 5, na trekta likisogea mbele yanaingia ardhini kama jembe. Yakinyanyuka kwa kiasi hichohicho, baketi inateleza juu ya samadi na kuacha sehemu kubwa palepale ilipokuwa.

Fimbo ya usawa ni kifaa kidogo kilichobuniwa kuondoa kukisia huko. Ni chuma chembamba kilichonyooka, ambacho ncha yake moja imefungwa kwenye mgongo wa baketi kwa pini, na mwili wake unapita ndani ya bomba fupi au pete iliyofungwa juu ya mkono wa loda. Baketi inapoinama kumwaga, fimbo inavutwa kuelekea mbele. Inapolazwa nyuma kubeba mzigo, fimbo inasukumwa kurudi upande wa dereva. Mahali fulani katikati ya safari hiyo ndipo sakafu ya baketi inapokuwa sambamba na ardhi, na hapo fimbo huwa na alama: ama mkunjo wa chuma, ama mstari wa rangi. Alama ikikutana na mdomo wa bomba, baketi imelala sawa. Loda nyingi hutoka kiwandani zikiwa na fimbo hii, lakini nyingi pia hununuliwa zikiwa zimetumika, fimbo ikiwa imepinda, imepotea, au imebaki bila kurekebishwa tangu baketi ya kwanza ilipobadilishwa.

Kwa sisi tunaofanya kazi Dodoma na wilaya zake, kifaa hiki kina thamani ya pekee katika miezi ya kiangazi, mvua zinapokuwa zimekwisha na samadi iliyokauka inatolewa kwenye mazizi kupelekwa kwenye mashamba ya zabibu ya Mpunguzi, Hombolo na Makutupora. Mazizi yetu mengi hayana sakafu ya saruji. Chini ya samadi kuna udongo, na mpaka kati ya viwili hivyo hauonekani vizuri hata kwa mtu aliyesimama kando. Katika msimu wangu wa kwanza wa kazi hii nilijaza matela kadhaa nikiamini kuwa ninapakia samadi, kumbe sehemu ya mzigo ilikuwa udongo mwekundu wa zizi. Mwenye shamba alilipia samadi akapata udongo, na mwenye zizi alibaki na mashimo ambayo mvua za Desemba ziliyageuza kuwa madimbwi ambamo ng'ombe walisimama kwa wiki nyingi. Trekta lile lilikuwa na fimbo ya usawa, nami sikuwa nimeiangalia hata siku moja kwa sababu hakuna aliyenieleza ni ya nini.

Fimbo inasema nini, na haisemi nini

Kabla ya kugusa spana, dereva anapaswa kuelewa jambo moja ambalo naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote katika mwongozo huu: fimbo inapima pembe iliyopo kati ya baketi na mkono wa loda. Haipimi pembe iliyopo kati ya baketi na ardhi. Vitu hivi viwili hulingana mahali pamoja tu, nako ni pale mikono ilipokuwa wakati alama ilipowekwa, yaani chini kabisa, baketi ikiwa imegusa ardhi.

Fikiria kinachotokea mikono inapoinuka. Kila mkono unazunguka kwenye pini yake iliyo karibu na dereva, na baketi, ikiwa imeshikwa na jeki (mitungi ya mafuta inayoisukuma loda) ambazo urefu wake haujabadilika, inazunguka pamoja na mkono. Mikono ikizunguka nyuzi 60 kupanda, baketi nayo imelala nyuma kwa nyuzi 60, ilhali fimbo haijasogea hata kidogo na alama yake bado imekutana na mdomo wa bomba. Dereva anayeiamini fimbo akiwa amenyanyua mzigo juu anaambiwa kwamba baketi iko sawa wakati mdomo wake umeelekea angani na mzigo unaegemea upande wake. Mchanga utavumilia hali hiyo. Jiwe, gogo au robota la majani halitavumilia. Litaviringika juu ya mgongo wa baketi, lishuke kwenye mikono, na kufika kwenye boneti au kwa dereva mwenyewe. Kwa hiyo mzigo unapopanda, macho yatoke kwenye fimbo yaende kwenye ubavu wa baketi, na mkono uwe unaiinamisha mbele kidogo kidogo kadiri inavyopanda.

Zipo loda zenye vyuma vya ziada vinavyokwenda sambamba na mikono, ambavyo kazi yake ni kuizuia baketi isilale nyuma inapopanda. Kama hujui loda yako ni ya aina gani, inua baketi tupu taratibu huku mwenzako amesimama mbali, ubavuni, akiangalia kama sakafu yake inabaki sawa au inageuka. Hata ukikuta kwamba inabaki sawa, usiuache mzigo wa mviringo bila kuutazama.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kwa upande wa chini. Trekta likisimama juu ya ukingo wa lambo na baketi ikashushwa chini ya kimo cha magurudumu, fimbo itaonyesha usawa wakati makali yameinama. Vilevile magurudumu ya mbele yakipanda juu ya rundo la kifusi, trekta lote limeinua pua na baketi pamoja nalo. Katika mteremko, fimbo itakuonyesha usawa wa mteremko wenyewe, na kwa kazi ya kukwangua njia hilo ndilo unalolitaka.

Jambo lingine ambalo fimbo haitakwambia kamwe ni kama baketi imelala upande mmoja. Inajua mbele na nyuma tu. Ukiona pembe moja ya makali inachimba mfereji na nyingine inaelea, usihangaike na fimbo. Kagua upepo wa matairi ya mbele, kwa kuwa tairi moja likiwa na upepo pungufu trekta linainama upande huo na baketi inalifuata.

Kuiweka fimbo sawa

Tafuta mahali ambapo trekta na baketi vitakaa juu ya bapa moja. Sakafu ya ghala au ya gereji inafaa zaidi, lakini uwanja wa moramu ulioshindiliwa vizuri unaweza kutosha. Si lazima sakafu iwe imenyooka kama maji ya mtungini. Sakafu nyingi za saruji huwekewa mwinamo kidogo ili maji yatoke, na mwinamo huo hauna madhara mradi magurudumu ya nyuma, ya mbele na baketi vyote viko juu yake. Madhara yapo pale sakafu inapokuwa na bonde au mgongo katikati. Chukua kamba ya fundi mwashi, ivute ikaze kutoka yatakapokaa magurudumu ya nyuma hadi itakapolala baketi, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya kamba na sakafu. Ikiwa nafasi hiyo haibadilikibadiliki, pahali hapo panafaa.

Jaza matairi upepo kwa kiasi kinachotajwa kwenye kitabu cha trekta, na ya mbele yawe sawa kabisa. Kisha safisha baketi chini na ndani. Udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa unanata kama gundi na ukikauka unakuwa kama tofali, hupenda kuganda chini ya kisigino cha baketi, na ganda la sentimita mbili linatosha kuharibu kipimo chote. Paruza mpaka uone chuma.

Ishushe baketi mpaka sakafu yake ilale juu ya ardhi, nawe ukome hapo. Madereva wengi wana mazoea ya kuendelea kuusukuma wenzo mpaka wasikie trekta linajibu. Ukifanya hivyo jeki zinainua magurudumu ya mbele, na unachopima si mkao ambao trekta litakuwa nao kazini. Zima injini, vuta breki ya mkono, toa ufunguo uuweke mfukoni.

Sasa chukua pimamaji. Iweke kwanza juu ya sakafu ya jengo, kando ya baketi, ikielekea mbele na nyuma, na utazame povu limekaa wapi. Kisha iweke ndani ya baketi, juu ya ubao mfupi ulionyooka ili mabonde madogo ya bati yasikudanganye, ikielekea upande uleule. Povu linapaswa kukaa mahali palepale. Kama halikai, washa injini, sogeza baketi kidogo sana, zima tena, upime upya. Hapa unahitaji subira, maana wenzo wa loda haujatengenezwa kwa miendo ya milimita.

Baketi ikishakubali, legeza nati inayoibana fimbo au inayolibana bomba lake, sogeza mpaka alama ikutane na mdomo wa bomba, kisha kaza. Usiishie hapo. Panda kitini, keti kama unavyoketi ukiwa kazini, utazame alama kutoka hapo, kwa sababu jicho la mtu aliyeinama karibu na mkono wa loda na jicho la aliye kitini hayaoni kitu kimoja; ukitazama kutoka juu na nyuma, alama inaweza kuonekana imepita mdomo wa bomba au haijaufikia. Anayeisoma ni dereva, basi iwekwe kwa jicho la dereva.

Baada ya hapo fanya majaribio. Nyanyua baketi kidogo kutoka sakafuni, ilaze nyuma kabisa, irudishe mbele mpaka alama ikutane, shusha, zima injini, pima kwa pimamaji. Rudia mara tatu. Kama majibu yanatofautiana, chunguza pini za baketi na bushi zake, yaani vipande vya bomba ambamo pini huzunguka: zilizolika huacha nafasi, na baketi inayotoka kwenye mkao wa kulala nyuma haitui mahali pamoja na ile inayotoka kwenye mkao wa kumwaga. Dawa ya kweli ni kubadilisha bushi, lakini kabla ya hapo jizoeze kuifikia alama kutoka upande mmoja tu, yaani kutoka nyuma kwenda mbele, na makosa yatapungua sana.

Kazini

Unapolikaribia rundo la samadi, iweke baketi kwenye alama ukiwa bado mita kadhaa kabla, trekta likiwa limenyooka na gia ikiwa ndogo. Shusha mpaka iguse. Kwenye zizi la udongo mimi hulaza makali nyuma kidogo tu, unene wa fimbo yenyewe kupita alama, ili kisigino kiteleze juu ya udongo na makali yasiuingie. Kwenye sakafu ya saruji hakuna haja hiyo. Ingia taratibu. Injini inapoanza kulemewa, laza baketi nyuma huku bado unasogea, kisha inua kidogo na kurudi. Kazi ya fimbo inaanza tena pale unaporudi kwenye rundo ukiwa umetoka kumwaga, kwa kuwa baketi imekwenda mwisho wa safari yake na wewe huna kumbukumbu yoyote ya pale ilipokuwa. Dereva mwenye fimbo iliyowekwa vizuri huirudisha baketi kwenye usawa wakati trekta linatembea, na katika siku ya matela ishirini muda huo unaonekana.

Kwa kusawazisha uwanja, kama ule wa kuanikia mtama au wa kuegesha magari ya mizigo, anza na baketi ikiwa kwenye alama na ukwangue tabaka jembamba. Ukitaka kukata zaidi, inamisha kwa kadiri unayoweza kuiona kwenye fimbo, kisha kumbuka umbali huo kati ya alama na bomba ili mkato unaofuata uwe na kina kilekile. Loda zenye nafasi ya kuelea, ambapo wenzo unaziachia jeki za mikono zifuate mabonde na vilima vya ardhi, hufanya kazi nzuri sana zikiunganishwa na fimbo: wewe unashikilia pembe, ardhi inashikilia kimo. Hata hivyo, usiinamishe baketi sana ukarudi nyuma kwa nguvu ukiburuta kifusi. Jeki za baketi zinakuwa zimetoka nje kwa urefu mwingi, na zikikutana na jiwe au kisiki zinaweza kupinda.

Wakati wa kubeba mzigo, fimbo haina neno. Baketi ilazwe nyuma, ibaki karibu na ardhi kadiri njia inavyoruhusu, na nyuma ya trekta kuwe na uzito, ama kifaa kilichofungwa kwenye mikono ya nyuma, ama sanduku la zege, ili magurudumu ya nyuma yasiwe mepesi. Mlimani panda na mzigo ukiwa mbele, na uteremke kinyumenyume. Mkanda wa kiti ufungwe kama trekta lina chuma cha kumkinga dereva likipinduka.

Wale wanaobadilisha baketi na kuweka uma wa kubebea makreti, kama ilivyo wakati wa mavuno ya zabibu, wasitegemee alama ya baketi. Kila kifaa kina mkao wake. Weka uma chini kwenye sakafu ileile, pima kwa njia ileile, kisha chora alama ya pili kwenye fimbo kwa rangi tofauti. Nyekundu kwa baketi na nyeupe kwa uma imenifaa.

Kujitengenezea fimbo

Kama loda yako haina fimbo, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Tafuta chuma cha mviringo kilicho laini chenye kipenyo cha milimita 12, si nondo yenye mikunjo, na kipande cha bomba la nusu inchi la sentimita 20 hivi. Chuma hicho kitapita ndani ya bomba hilo bila kubana. Fimbo na bomba viende sambamba na jeki ya baketi, upande ambao dereva anauona vizuri. Kabla ya kukata, peleka baketi mwisho wa kumwaga na mwisho wa kulala, upime pande zote mbili: fimbo ikiwa fupi itachomoka kwenye bomba wakati wa kumwaga, na ikiwa ndefu mno itagonga kitu wakati wa kulaza.

Bomba lisichomelewe moja kwa moja kwenye mkono wa loda. Mkono huo unabeba uzito wote, na joto la kuchomelea linaweza kuudhoofisha mahali ambapo baadaye utapasuka. Tumia bolti zenye umbo la U na kipande cha bati. Ikibidi kuchomelea kitu chochote kikiwa juu ya trekta, ondoa waya za betri, funga waya wa ardhi karibu kabisa na pale unapochomelea, na ufunike jeki, kwa sababu cheche ikiganda kwenye chuma chake king'aacho itachana sili na mafuta yataanza kuvuja.

Utunzaji wake ni mdogo. Watu hupenda kuipaka grisi, nami nashauri wasifanye hivyo: upepo wa Julai na Agosti huku kwetu hubeba vumbi ambalo likichanganyika na grisi linasaga chuma kama msasa. Ifute kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, na bomba lipitishiwe kijiti litoke udongo. Makali ya baketi nayo yatazamwe. Udongo mkavu wa ukanda huu una historia ya kula chuma. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulisumbuliwa, pamoja na mambo mengine, na ardhi iliyokauka ikawa ngumu na kusaga zana zilizopelekwa kuilima. Makali yakigeuzwa au kubadilishwa, baketi inakaa tofauti chini, na fimbo ipimwe upya. Ipimwe pia baada ya kubadilisha matairi kwa saizi nyingine, baada ya kugonga kisiki kwa nguvu, na kila unapoona baketi iliyowekwa kwenye alama inainama yenyewe ikiwa imeegeshwa juu ya ardhi kidogo usiku kucha. Hilo la mwisho ni kosa la jeki au la vali, na fimbo ndiyo iliyokuonyesha.